Athari Nne

Muhtasari wa kikao niliuandika mimi,
Thuwaiba, karani wa baladiya ya Batha Mizra,
tarehe nne mwezi wa sita, joto nje arobaini na tisa,
kiyoyozi cha ukumbi kikikohoa kama mgonjwa wa pumu.

Meza moja, miji miwili.
Upande huu sisi wa bondeni, wenye uwanda wa changarawe
ambao hata mbuzi huupita mbio.
Upande ule wao, Hayl Safra, watu wa juu ya wadi,
wenye mitende, wenye pampu za dizeli
zilizonyonya chini ya mlima
hata falaji ikatufikia ulimi mkavu.
Hayo ni ya miaka kumi na minane. Kwetu ni ya jana.

Ajenda: paneli za sola elfu sita juu ya changarawe yetu,
betri kwao, waya katikati, gharama nusu kwa nusu.
Mwenyekiti akasoma: athari za tabianchi,
athari za kimbunga, athari, athari,
nami kalamu ikacheka peke yake.
Kwenye falaji, athari ni nusu saa ya maji,
zamu ya mtu; huuzwa, hurithiwa.
Marehemu baba aliniachia nne
na mfereji usio na kitu cha kupitisha.

Pembeni mwa karatasi, kwa Kiswahili cha mama,
lugha ninayofichia hasira na madeni ya dukani,
nikaandika: *Walitunyima maji. Tuwanyime usiku.*

Bwana Zahran wa Hayl Safra,
mnene, miwani imefungwa kwa uzi wa shaba,
akainama kuchukua sukari.
Akabaki ameinama.
Kisha, polepole, kwa Kiswahili cha Bujumbura:
"Dada, usiku tulikwisha nyimwa.
Siku nne za kimbunga nguzo zote zimelala,
mke wangu akajifungua zahanati
kwa tochi ya simu ya muuguzi.
Chaji ilibaki asilimia sita."
Nikauliza mtoto.
"Mzima. Analia sana."
Akakoroga chai ambayo hakuitia sukari.
"Pampu ya kwanza aliinunua baba yangu.
Hilo usiliandike."

Sikuliandika. Ninaliandika sasa.

Karani hana kauli kikaoni. Niliinua mkono.
Nikasema: umeme tuugawe kama maji, kwa athari.
Usiku una athari ishirini na nne:
zahanati ya juu ianze kuchukua zake,
lifuate jokofu la dawa la bondeni, kisha majumba,
na pampu zao ziamke na jua, zilale na jua,
ili maji chini ya mlima yapate saa za kupanda.

Walibishana hadi adhana ya alasiri.
Waya unaovuka wadi, nani ataulipia?
Nguzo ikizolewa na mafuriko, ni maiti ya nani?
Mhandisi akasema mita yake haijui athari.
Akaambiwa aifundishe.
Kifungu cha saba hakina sahihi mpaka leo.

Wino haukufutika.
Muhtasari ulikwenda Maskati na maneno yangu pembeni,
na chini yake, kwa mwandiko wa mtu mwingine:
*Nusu tu, dada.*

Mwaka wa pili, mwezi wa kwanza, saa moja ya usiku,
taa ya zahanati iliwaka kule juu,
moja, nyeupe, ikapepesa, ikatulia.
Hakuna aliyepiga makofi; watu walikuwa wanakula.
Mimi nilichuchumaa penye mfereji wa baba
nikatia kidole.

Kucha ililowa.

Hiyo si athari bado. Ni unyevu.
Kesho alfajiri, kabla pampu hazijaamka,
nitapima tena.